Saa nane mpaka saa kumi: urafiki wa nyuma ya nyumba ya bwana

Nyumba ya ofisa wa serikali ya kikoloni jijini Nairobi, au ya mlowezi kule Nakuru, zilikuwa nyumba mbili kwenye kiwanja kimoja. Ya mbele imepigwa picha mpaka basi: baraza, viti vya kulalia, bwana na bibi na mbwa miguuni pao. Ya nyuma haina picha nyingi. Ni safu ya vyumba viwili au vitatu, paa la bati, dirisha dogo, choo cha shimo pembeni, na mafiga nje yanayotumiwa na wote. Umbali kati ya nyumba hizo ulipimwa kwa pua na kwa sikio: moshi wa kuni za watumishi usifike sebuleni, lakini mwito wa bwana ufike vyumbani kwao.

Humo waliishi watu ambao hawakuchaguana. Familia ya Kizungu yenye watoto wawili, miaka ya 1930, ilikuwa na mpishi, boi wa mezani, dobi, mtu wa bustani, yaya, na yule mtoto wa jikoni aliyeitwa toto. Shambani waliongezeka saisi wa farasi na mlinzi wa usiku. Mpishi Mkamba, boi Mjaluo, dobi Mnyamwezi aliyefika na reli. Waajiri wengine walichanganya makabila kwa makusudi, wakiamini watu wasio na lugha moja hawatakula njama. Hesabu hiyo ilikuwa na kasoro kubwa: wote walijua Kiswahili, na cha kwao kilikuwa kizuri kuliko kile cha bwana cha “leta chai, pesi pesi”.

Upweke wa watu hawa haukuja kwa bahati mbaya. Ulikuwa na vifungu vya sheria. Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1906 ilifanya kuacha kazi bila ruhusa kuwa kosa la jinai, yaani mtu anatafutwa na polisi kwa kuwa amechoka. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutumika Vita Kuu ya Kwanza vilipokwisha, mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyezidi miaka 16 alibeba karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara, tarehe ya kuingia na ya kutoka. Ilikaa ndani ya kibati kilichoning’inizwa shingoni, na Wakikuyu wakakiita kengele ya mbuzi. Mwajiri asipotia saini ya kumwachia mtu, hakuna mwingine aliyeruhusiwa kumwajiri. Mwaka 1926 ikaongezwa sheria ya kuandikisha watumishi wa nyumbani peke yao, na kitabu chao cha jalada jekundu, ambamo bwana aliandika tabia ya mtu kwa maneno yake mwenyewe.

Kitabu hicho kina uzito katika habari hii kuliko hata mshahara. Mtu anayeweza kuandika neno “mvivu” kwenye maisha yako, nawe huna pa kuandika lolote kwenye ya kwake, mnaweza kuzoeana, mnaweza hata kupendana, lakini mwenye kalamu hatembei na hofu uliyonayo wewe. Watumishi wasiojua kusoma waliwapelekea vitabu vyao vijana wa misheni wawasomee polepole, kwa sababu sifa nyingine zilikuwa na meno ndani: “Mpishi mzuri kwa mtu asiye na njaa.” Sentensi kama hiyo ingeweza kumfungia mtu milango mtaa mzima, naye akidhani amesifiwa.

Baada ya sheria kuna desturi. Mke hakutakiwa kiwanjani, au alitakiwa kwa kibali. Mgeni wa kulala hakuruhusiwa. Polisi waliingia kwenye vyumba vya nyuma usiku kusaka watu wasio na kazi, na ndugu aliyekuja kutafuta matibabu mjini alihesabiwa mzururaji. Mtu mzima mwenye wajukuu aliitwa boi. Ofisa naye alikaa miaka miwili na nusu hivi, akaenda Ulaya likizo ndefu, na kikundi kizima cha nyuma kikavunjika: mmoja amepelekwa kwa rafiki wa bwana, mwingine amerudi kwao, mwingine anazunguka mageti na kitabu mkononi.

Sasa angalia ratiba, maana urafiki ulipata nafasi kwenye nyufa zake. Saa kumi na moja alfajiri mpishi anawasha jiko. Saa kumi na mbili chai inakwenda chumbani kwa bwana. Halafu maji ya kuoga, kifungua kinywa, kufagia, kupiga sakafu nta kwa magoti. Chakula cha mchana saa saba. Kisha bwana na bibi wanalala. Kuanzia saa nane mpaka saa kumi, chai ya jioni ikihitajika, kiwanja kizima kinakuwa cha watu wa nyuma. Baada ya hapo hakuna nafasi tena: maji ya kuoga jioni, chakula cha usiku, vyombo mpaka saa nne. Saa mbili hizo za mchana ndizo zilizobeba karibu kila kitu: kunyolewa, kuchana nywele, bao, kudaiana, kusomewa barua, kupenya kwenye tundu la ua wa kayaba kwenda kuulizia habari kiwanja cha pili.

Dobi alikuwa kiungo muhimu hapo, na sababu yake ni pasi. Pasi ya makaa ni sanduku la chuma lenye kifuniko, kishikio cha mbao na matundu ubavuni. Makaa yanayofaa ni ya mti mgumu. Ya mti laini hurusha cheche na huisha upesi. Yanawashwa kwanza kwenye jiko nje mpaka moshi ukome na kingo ziwe nyeupe, ndipo yaingizwe, yasijae hadi juu, maana hewa lazima ipite. Dobi anaipunga pasi uani huku na huku ili upepo utoe majivu. Akiharakisha hapo, majivu yataanguka kwenye shati jeupe lenye wanga, na nguo iliyokwisha tiwa wanga haifutiki, inarudi kwenye karai. Kitako kinapakwa nta ya mshumaa, kinafutwa kwenye jani la mgomba, kisha kinajaribiwa kwenye kitambaa kikuukuu. Kitambaa kikigeuka njano, subiri.

Nguo zilizoanikwa nje zinapigwa pande zote mbili, hata soksi na nepi. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi, hasa zilizoanikwa kivulini au kutandazwa kwenye majani. Funza wake huingia ngozini na kutokea kama jipu. Joto la pasi huyaua mayai. Dobi mvivu hurukia mishono na kiuno chenye mpira, na hapo hapo ndipo funza anapobaki. Mtoto wa bwana akitoka majipu mgongoni, makato ya mshahara hayamkosi dobi.

Kazi ya nyumba ya mbele ikiisha, pasi bado ina makaa ya nusu saa hivi. Makaa hayo hayana mwenyewe, bwana hayahesabu. Humo dobi alipiga kanzu ya boi wa mezani, shati la Jumapili la mtu wa bustani, gauni la yaya. Mpishi naye alirudisha kwa chai: majani yaliyokwisha kutumika mezani, yakachemshwa tena kwenye sufuria na maziwa na sukari. Toto akaleta kuni. Ukitaka kujua nani ni rafiki wa nani kwenye kiwanja cha namna hii, usiulize nani alicheka na nani. Uliza makaa yaliyobaki yalipiga nguo za nani, na za nani zilikaa mpaka kesho.

Jikoni urafiki ulikuwa mgumu zaidi, kwa sababu kule kulikuwa na elimu ya kuibiwa. Mpishi mzoefu alikuwa na vyakula vya Kizungu chungu nzima kichwani, bila karatasi, vikombe na makopo ya maziwa ndiyo mizani yake. Jiko la chuma la kuni, aina ya Dover, halikuwa na kipimo cha joto. Alitupa unga kidogo kwenye sinia ndani ya oveni: ukigeuka kahawia taratibu, mkate uingie, ukiungua mara moja, fungua mlango na utoe kijinga kimoja cha moto. Kuni mbichi hutoa mvuke na lami, dohani inaziba, moshi unarudi jikoni na keki inanuka. Mambo haya hayajifunzi kwa kuangalia tu. Lazima mtu akwambie kwa nini. Na mpishi aliyemwambia toto kwa nini, alijua kwamba bibi akigundua siku moja kuwa toto anaweza kupika kwa sehemu ndogo ya mshahara, mzee ndiye ataondoka. Kwa hiyo wengi walifundisha nusu: walimtuma toto kuchota maji wakati wa kutia hamira. Aliyefundisha yote alikuwa ametoa kitu kikubwa kuliko pesa, na vijana waliofundishwa hivyo waliwaita wapishi wao baba hata walipokuwa wapishi wenyewe.

Barua ndiyo mlango wa nje. Huku kwetu barua haipelekwi mlangoni. Inakwenda sanduku la posta, na sanduku lilikuwa la bwana. Maana yake barua ya mke wa mpishi ilipita mikononi mwa bwana kwanza, pengine ikakaa mezani siku tatu, pengine ikafunguliwa. Wajanja walitumia sanduku la Mhindi mwenye duka, ambaye alikubali kwa sababu mpokea barua hununua pia sukari na mafuta ya taa. Kuandika ilikuwa kazi ya mwenye kisomo, au ya waandishi waliokaa karibu na posta na kalamu au mashine ya chapa, wanaolipwa kwa barua. Mwanzo haukubadilika: salamu nyingi, baada ya salamu hali yangu mimi ni njema, wasiwasi ni kwako wewe. Ndipo habari yenyewe, ambayo mara nyingi ilikuwa kodi. Kenya kodi ya kichwa na nyumba ilipandishwa mpaka shilingi 16, ikashushwa hadi 12 mwaka 1922 baada ya ghasia za mwaka huo, na hizo 12 zilimsubiri mtumishi kijijini hata kama hajalala huko mwaka mzima.

Pesa zilikwenda kwa hawala ya posta au kwa mkono. Hawala ilikuwa salama, ila mpokeaji alihitaji kufika posta, pengine mwendo wa siku nzima, na jina lake liandikwe sawasawa. Ya mkono ilikuwa ya haraka, na ndiyo iliyovunja urafiki mwingi kuliko wanawake na pombe. Mtu anapewa shilingi kumi apeleke, njiani nauli inaongezeka, anakopa mbili humo humo, anafika na nane na maelezo marefu. Dawa waliyoigundua ni kumwandikia nyumbani kiasi kamili kwa barua inayotangulia. Tena barua hiyo isiandikwe na anayebeba.

Chama cha kusaidiana kilikuwa hatua inayofuata. Mtumishi Mwislamu akifia kiwanjani alihitaji sanda, wa kumwosha na kaburi, na bwana hakuwa na habari ya lolote kati ya hayo. Vyama vya maziko, vyama vya kabila, vikundi vya ngoma za beni zilizoiga bendi za kijeshi, vilichukua michango midogo ya kila mwezi kwa ajili hiyo. Dar es Salaam, katika miaka ya 1940, kulikuwa na chama cha wapishi, madobi na watumishi wa nyumbani, kazi zile zile za kiwanja kimoja zikiwa kwenye jina moja. Na Mombasa, tarehe 13 Januari 1947, watu wa bandarini na wa reli walipogoma, watumishi wa hoteli na wa majumbani waligoma nao. Mikutano ilifanyika uwanjani, pakaitwa Kiwanja cha Maskini. Mgomo ulidumu karibu wiki mbili, na mabibi wa mjini wakalazimika kuwasha majiko yao. Watu hujiuliza watumishi waliotawanyika, mmoja mmoja nyuma ya kila nyumba, walipanganaje. Hawakuanzia sifuri. Ile njia ya kupita kwenye ua kila saa nane mchana ilikuwepo zamani.

Aliyekosa sana njia hiyo ni yaya. Kwa miaka mingi ya mwanzo kazi za nyumbani zilikuwa za wanaume, hata kulea watoto. Wanawake waliongezeka baadaye. Familia zenye uwezo zilileta wanawake kutoka Shelisheli. Yaya hakubeba kipande, maana kipande kilikuwa cha wanaume, na mara nyingi cha kumtetea kilikuwa barua tu. Mchana wenzake wanapumzika, yeye yuko na mtoto. Usiku analala ndani, karibu na mtoto, au kwenye chumba cha peke yake katika safu ya wanaume, na kila anayebisha hodi ana nia. Wa kuzungumza naye alibaki mtoto, aliyejua Kiswahili kabla ya Kiingereza. Halafu mtoto anafika miaka saba au minane, anapelekwa shule ya bweni, na kazi imekwisha. Mapenzi ya mtoto yule yalikuwa ya kweli, lakini barua ya sifa aliiandika mama yake.

Bibi naye tusimsahau, ingawa sina haraka ya kumlilia. Mke wa ofisa alihamishwa kila mumewe alipohamishwa, na mke wa mlowezi angeweza kukaa wiki nzima bila kuona Mzungu mwenzake. Mwalimu wa watoto aliyeletwa kutoka Ulaya alikuwa na hali mbaya kuliko wote wa nyumba ya mbele: hakualikwa na wageni, wala hakuweza kukaa jikoni na watumishi. Watu hawa walizungumza na wapishi wao kwa sababu hakukuwa na mwingine.

Mfano unaotajwa zaidi ni shamba la kahawa chini ya vilima vya Ngong, alipoishi Karen Blixen, Mdenmarki, kuanzia 1914 mpaka 1931. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walimshuku kuwa upande wa Wajerumani. Msimamizi wake wa nyumba, Farah Aden, alikuwa Msomali, mtu wa kabila lililokataa kuhesabiwa pamoja na wenyeji. Mwaka 1919 sheria iliwapa baadhi ya Wasomali nafuu fulani katika jambo hilo. Mpishi wake, Kamante Gatura, alikuwa mtoto wa Kikuyu aliyetibiwa vidonda vya miguu katika hospitali ya misheni ya Waskoti, kutoka familia ya maskwota, waliotakiwa kufanya kazi siku 180 kwa mwaka ili wakae kwenye ardhi ile. Watu watatu, kila mmoja kando ya watu wake. Farah alishika fedha za nyumba na kulipa wengine, jambo ambalo bwana wa kawaida hakumwachia mtumishi. Shamba lilikuwa juu mno kwa kahawa, likafilisika. Miezi ya mwisho Blixen alihangaika kuwaombea maskwota wapewe ardhi mahali pamoja, na akafanikiwa. Sioni sababu ya kusema urafiki ule ulikuwa uongo. Lakini yeye alipanda meli, na Kamante akabaki kutafuta kazi Nairobi na kumtumia barua zilizoandikwa na waandishi wa kulipwa. Mizani haikulingana hata pale palipokuwa na nia njema.

Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 kwa sababu ya Mau Mau, waasi waliopinga ukoloni, nia njema ilipata mtihani wake. Januari 1953 familia ya mlowezi iliuawa Kinangop, mtumishi wao akahusishwa, na tangu hapo walowezi wengi walianza kuwafungia watumishi nje jua likitua. Chakula cha usiku kikaandaliwa mapema, mlango wa jikoni ukatiwa komeo. Wakikuyu, Waembu na Wameru wengi wakaondolewa kazini, nafasi zao zikachukuliwa na Wakamba, Waluhya na Wajaluo. Tarehe 24 Aprili 1954, katika operesheni ya Anvil, Nairobi ilizingirwa na askari, na maelfu ya watu wa makabila hayo matatu wakachukuliwa. Kwa watu wa vyumba vya nyuma hili lilikuwa na ubaya wake maalumu: jirani wa miaka kumi anaondoka, na wewe ndiye uliyepewa ufunguo wake wa jikoni.

Kama kwenu kuna sanduku la babu aliyewahi kuwa mpishi au dobi, kitabu chake kinaweza kuwa bado kimo. Kisome kwa mpangilio huu. Kwanza tarehe: pengo la miezi kati ya bwana mmoja na mwingine laweza kuwa likizo ya bwana, ugonjwa, au jela kwa kuacha kazi. Pili sababu ya kuachishwa, na ulinganishe na sifa. Sifa nzuri na sababu mbaya kwenye ukurasa mmoja maana yake waligombana siku ya mwisho. Tatu anwani, kwa sababu kwa anwani unaweza kujua kiwanja, na kwa kiwanja ukamuuliza mzee aliyebaki majina ya waliokaa naye. Jina usilitegemee sana. Mabwana waliandika walivyosikia, na wengine waliwabandika watu jina la mtumishi aliyetangulia ili wasisumbuke kujifunza jipya. Juma wa kitabuni anaweza kuwa Otieno. Alama za vidole ndizo zake.